Kumbukumbu Haitoshi

Kimilili,
24 Februari 1991

Kwa binti yangu Rosebella,

Mimi mzima. Ng'ombe mzima. Goti la kushoto ndilo linalalamika, lakini hilo nimelizoea.

Barua yako ya Januari ilifika. Nilianza kuisoma nikakwama njiani. Umeniandikia habari ya kitu ulichonunua huko Eldoret, na kila mstari una Kizungu ndani yake. Ilibidi nimpelekee Mwalimu Johnstone wa darasa letu la ngumbaru. Akaisoma mbele ya wenzangu, na yeye mwenyewe akafika mahali akasema haya sasa ni maneno ya wataalamu. Wenzangu wakacheka, wakasema Nanzala ameandikiwa na Malkia.

Sikufurahi. Mimi nimeingia darasani na uzee huu, nakaa kwenye dawati la watoto magoti yakigonga mbao, ili barua za watoto wangu nisisomewe na mtu. Cheti nilichopewa ni cha Kiswahili. Basi niandikie Kiswahili kitupu. Kizungu mwandikie ndugu yako Kituyi.

Neno la pili ni kumbukumbu. Mwezi wa tano baba yako atatimiza miaka miwili tangu tumzike. Mwaka jana tulifanya ndogo, chai na mkate, mvua ikaja, watu wakaenda. Wewe ulikaa nyuma na hukuimba. Sikuuliza. Mwaka huu nauliza tu: tuiache ndogo vile ilivyo, ama tuongeze? Kituyi anasema wewe ndiwe utaamua, kwa sababu wewe ndiwe una pesa na ndiwe una hasira.

Fikiri, halafu uniambie.

Ni mimi mama yako,
Nanzala Wepukhulu
(nimeandika mwenyewe)


Eldoret,
5 Machi 1991

Mama mpendwa,

Sawa. Kiswahili kitupu. Nikikosea unipige kalamu nyekundu kama Mwalimu Johnstone.

Goti lipake ile dawa niliyokutumia. Usiipe ng'ombe, najua uliwahi kumpaka.

Kile nilichonunua ni kompyuta, ya kufunga na kufungua kama sanduku dogo. Ilikuwa ya mwalimu Mzungu wa chuo kikuu kule Kesses. Alikuwa anarudi kwao na mizigo imemzidi, kwa hivyo aliniachia kwa bei ya mtu anayekimbilia ndege. Ina miaka minne. Kwa taipureta nikikosea herufi moja natupa karatasi nzima; kwa hii nafuta herufi, karatasi haijui kitu. Mwanafunzi mmoja wa huko ameniletea kitabu chake cha shahada, kurasa mia mbili na kumi. Nikimkabidhi mwisho wa Mei, wenzake watamfuata. Kule Kesses kuna wanafunzi wengi kuliko taipureta, na hiyo ndiyo hesabu yangu yote.

Sasa neno la kumbukumbu. Nimelifikiria mwezi mzima. Iliyopo ni ndogo mno, na inanitia aibu mbele ya watu. Nilidhani tungevumilia hivyo hivyo, lakini hesabu imekataa. Nimekubali iongezwe. Gharama naijua na nitaibeba mimi. Sitaomba mtu mchango. Fundi nimempata, anaitwa Kiarie, mtu wa Nairobi. Atakuja na kadi yake kutoka huko, na amesema si kazi ya kuogopa: kufungua, kuweka, kufunga, saa moja tu. Nataka mwezi wa tano usiishe kabla jambo hili halijakamilika.

Ofisi yangu ya kuchapa inaendelea. Mwenye nyumba ameongeza kodi na hajaongeza balbu.

Mtoto wako,
Rosebella


Kimilili,
24 Machi 1991

Rosebella, mama yangu,

Leo nakuita mama yangu kwa sababu jina lako la nyumbani ni la mama yangu mzazi, na leo umefanya kama yeye.

Nimeisoma barua yako mwenyewe tangu juu hadi chini. Nilipofika pale "nimekubali iongezwe" niliweka kidole hapo nikapumzika. Halafu nikarudia. Kesho yake niliipeleka darasani, safari hii nikasoma mimi na Mwalimu Johnstone akasikiliza. Hakuna aliyecheka.

Siku ni Jumamosi, tarehe 18 Mei. Nimekwenda kwa chifu kuomba kibali cha mkutano. Aliniuliza kama ni kumbukumbu ya kweli ama ni siasa imevaa nguo ya kumbukumbu. Nikamwambia aje ahesabu sufuria. Ametoa kibali, kina muhuri. Kanisa limekwisha tangaza. Wajomba wako wa Webuye wanakuja, na yule dada ya baba yako ambaye haendi popote, anakuja.

Sasa huyo fundi wako. Nashukuru umefikiria kaburi lijengewe, kwa kweli udongo umeanza kushuka upande mmoja. Lakini mwambie Kiarie kaburi si kazi ya saa moja. Saruji inataka kukauka. Na hilo neno "kufungua", Rosebella, limeninyima usingizi. Kwetu hatufungui. Pengine kwao Nairobi wanafungua, mimi sijui. Mwambie ajenge juu tu, na aweke mikono yake mahali tutaiona.

Kadi pia si lazima. Watu wetu hualikwa kwa mdomo. Ukimpa mtu kadi atadhani anadaiwa.

Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la hapana.

Mama yako,
Nanzala Wepukhulu


Eldoret,
2 Aprili 1991

Kituyi ndugu yangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na usiisomee ofisini kwako mbele ya makarani wengine wa ushirika.

Mama ameniuliza habari ya kumbukumbu ya Mzee. Swali hilo niliruka makusudi. Niliona nikinyamaza litapita. Nikamwandikia habari ya laptop yangu, kwamba memori yake ni ndogo na nimekubali iongezwe. Lakini yeye alinikataza Kizungu. Memori kwa Kiswahili ni nini? Ni kumbukumbu. Nikaandika kumbukumbu. Sasa kuna kibali cha chifu chenye muhuri, shangazi anatoka nyumbani kwake, na fundi wangu wa kompyuta anangojewa na saruji.

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Halafu nikaketi nikafanya hesabu, na kicheko kikaisha.

Laptop ina memori ya K 512. Kitabu cha yule mwanafunzi kikifika kurasa arobaini na kitu, skrini inaniandikia kwamba memori haitoshi na mashine inasimama kama punda. Kadi ya Kiarie inaongeza K 768. Bei ni elfu sita. Kurasa 210 kwa shilingi kumi na mbili ni elfu mbili, mia tano na ishirini. Vitabu vitatu, kadi imejilipa. Cha nne ni changu. Elfu sita ninayo, na ni hiyo tu. Inaweza kuwa kadi, ama inaweza kuwa dume la kuchinja, sukari, mchele na mahema. Haiwezi kuwa vyote viwili. Na mwanafunzi nisipomkabidhi Mei, Kesses yote itasikia kwamba mama wa laptop ni maneno tu.

Kwa hivyo nakuomba umweleze Mama ilikuwa kosa la neno. Wewe uko karibu, na una maneno laini. Uliyaonyesha siku ya mazishi.

Ndiyo, nimefika hapo. Uliniletea wasifu wa Mzee nichape, nakala mia mbili, bure, usiku kucha. Nikachapa kwa vidole vyangu mwenyewe kwamba "marehemu alisomesha watoto wake wote." Wote, Kituyi. Mimi nilisomeshwa na sufuria ya mafuta ya maandazi. Nilichapa uongo ule mara mia mbili na sikukosea hata herufi moja. Sitauchapa tena ukiwa na mahema juu yake.

Dada yako,
Rosebella


Kimilili,
9 Aprili 1991

Dada Rosebella,

Salamu kutoka kwa mke wangu na watoto. Nilisoma barua yako nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa ili nisionekane nikicheka. Hilo la Kiarie na kaburi nitalisimulia nikiwa mzee.

Kumwambia Mama, sitaweza. Nilijaribu Jumapili. Nilimkuta anapaka ukuta udongo mpya, goti bovu na yote. Nikasema, Mama, ile barua ya Rosebella. Akaniambia, ngoja nikusomee. Akanisomea, kidole chini ya maneno, na alipofika "sitaomba mtu mchango" akanitazama mimi. Nikachukua ndoo nikaenda kumtekea maji. Huo ndio ushujaa wangu wote. Ukitaka ajue, mwambie mwenyewe.

Kuhusu elfu sita, acha hesabu kidogo. Nitatoa mahindi gunia mbili. Chama hakijalipa kahawa ya mwaka jana, ndivyo hali ilivyo.

Kuhusu "wote": ndiyo, ni mimi niliandika. Ulitaka niandike nini? Wasifu wa marehemu si mahali pa kugawana ada. Watu walikuwa wamekaa juani na jeneza liko mbele. Kama ningeandika "mmoja," wangegeuka wote kunitazama mimi, kwa sababu mmoja huyo ni mimi. Miaka miwili hukusema neno, nikadhani limepita. Kumbe umelihifadhi. Wewe memori yako haina shida.

Ndugu yako,
Kituyi


Eldoret,
15 Aprili 1991

Mama,

Barua hii nimeirarua mara nyingi. Soma polepole, na ukikwama usimpelekee mtu. Ningoje mimi.

Kumbukumbu niliyokuandikia si ya baba. Ni ya mashine.

Nikueleze. Kule darasani mna ubao. Mwalimu Johnstone anaandika, mnasoma, mnanakili kwenye madaftari. Ubao ukijaa hawezi kuongeza neno mpaka afute. Kompyuta nayo ina ubao wake ndani, na madaftari yake ni vile visahani bapa vinavyoitwa diski. Ubao huo kwa Kizungu huitwa memori, na kwa Kiswahili nilichojua mimi, kumbukumbu. Wa mashine yangu ni mdogo. Kiarie anataka kufungua mashine, aweke kipande kinachoitwa kadi, afunge. Hakuna kaburi litakaloguswa. Yeye mwenyewe nilipomwambia unamngoja na saruji, alinyamaza kwenye simu mpaka sarafu zangu zikaisha.

Sikukusudia kukudanganya. Ulinikataza Kizungu nikatii, na utii wangu ndio umetufikisha hapa. Lakini swali lako niliruka, hilo ni kweli. Nililiona nikaliruka.

Najua kibali kimetoka na kanisa limetangaza. Ukisema tuendelee, nitaleta ninachoweza. Ukisema tuache, nitakuja mimi kwa chifu nibebe aibu. Lakini usinilazimishe kusimama mbele nishike ile karatasi ya wasifu wa baba. Sababu yake nitakuambia nikija. Si ya kuandika.

Usikae na baridi ukipaka kuta. Kituyi ameniambia.

Mtoto wako,
Rosebella


Kimilili,
28 Aprili 1991

Rosebella binti yangu,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona haya, nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Mara ya pili nilifika pale Kiarie ananyamaza kwenye simu, nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama niko sawa. Mtoto wa watu. Mwambie Mama wa Kimilili anamsalimia na hana kinyongo.

Ya ubao nimeelewa.

Nilikwenda kwa chifu kuuliza kama kibali kinarudishwa. Akasema serikali ikikupa ruhusa ya kukusanyika, kusanyika. Kwa hivyo tarehe 18 iko pale pale. Chai na mkate. Mahindi ya Kituyi tutachemsha. Mahema hatutaki, kuna kivuli cha nyumba. Elfu sita yako kaa nayo.

Sasa sikiliza. Umesema sababu si ya kuandika. Mimi nitaiandika.

Siku ya mazishi sikujua kusoma. Mlinipa ile karatasi nikaishika kama wengine. Niliona picha ya baba yako nikajua ndiyo yeye, basi. Waliosoma walisoma, mimi nilikuwa nalia. Nikaiweka sandukuni. Barua yako ilipofika niliitoa. Nilisema ngoja nione ni nini kiko humu ambacho mtoto wangu hataki kukishika. Nikasoma kwa kidole. Alizaliwa, alifanya kazi, alioa, vizuri. Nikafika mahali wamesema alisomesha watoto wake wote. Nikasimama hapo. Nikarudi nyuma, pengine nimesoma vibaya. Nikasoma herufi moja moja, w, o, t, e.

Miaka miwili nimesema huyu mtoto ana kiburi, amekuja na viatu vya mjini na haimbi. Ulidhani najua na nimenyamaza. Sikujua. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu na sikujua.

Baba yako hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ada ya mmoja na watoto wawili, akachukua wa kiume kama wenzake. Hapo nilikuwepo na sikusema kitu, hilo liko kwangu. Hata mimi nilipotaka kwenda ngumbaru alisema madaftari yataanza kupika? Nimekwenda yeye alipolala. Nampenda, na nitamwambia tukikutana.

Tarehe 18 nitasoma mimi. Si Kituyi, si mchungaji. Nataka unichapie karatasi ile ile kama ilivyokuwa, ila ile sentensi uitoe, na mahali pake uongeze haya maneno yangu:

Marehemu alimsomesha Kituyi. Rosebella alichisomesha mwenyewe, kwa maandazi aliyouza kwenye geti la kiwanda cha nguo Eldoret, na viatu vya sekondari vya Kituyi alinunua yeye.

Kituyi nimekwisha msomea. Alitazama chini. Nikamwambia tazama vizuri, hata viatu ulivyovaa sasa huenda ni vyake. Akasema Mama, soma tu, mimi nitasimama hapo karibu na wewe.

Hiyo ndiyo kumbukumbu nilitaka iongezwe, ila wakati ule sikujua ni nini kimepungua.

Mwalimu Johnstone hajasahihisha barua hii. Nimemficha.

Mama yako,
Nanzala


Eldoret,
8 Mei 1991

Mama,

Nakala mia moja na hamsini zimo ndani ya bahasha hii kubwa, nimempa dereva wa lori la mahindi wa Turbo anayepitia Kimilili. Asikudai kitu, nimemlipa.

Kiarie alikuja Jumatatu na kadi yake kwenye mfuko wa karatasi ya fedha kama chokoleti. Nilimpa chai nikamwambia arudi nayo. Ni wewe na ubao wako. Nilipomaliza kukuandikia ule mfano nilijitazama nikajiona mjinga: ni mwalimu gani anayeandika kitabu kizima ubaoni? Nimekigawa cha yule mwanafunzi sura kwa sura, kila sura faili lake, diski yake. Ubao haujai. Taabu ilikuwa namba za kurasa, kila sura inaanza moja, mpaka nikagundua unaweza kuiambia mashine ianzie arobaini na tatu nayo inatii. Nimebakiza sura mbili. Kiarie alikunywa chai yote, akasema nimemharibia biashara, kisha akaniuliza kama Mama wa Kimilili bado anahitaji fundi wa saruji. Pengine mwakani nitainunua hiyo kadi. Mwakani, si sasa.

Nakuja Ijumaa ya tarehe 17 na sukari na mkate wa kutosha, na dume mdogo kutoka soko la hapa. Usianze kuniuliza bei. Elfu sita ni yangu na naijua ilikokwenda. Nitakaa mbele. Kuimba sikuahidi, sauti yenyewe unaijua.

Karatasi nimechapa kama ulivyosema: kwanza niliinakili ya zamani yote kwenye mashine. Ile sentensi ya zamani niliifuta; nilibonyeza kitufe kimoja na kuangalia ikirudi nyuma herufi kwa herufi mpaka ikaisha, halafu nikaandika yako.

Neno moja. Umeandika "alichisomesha." Ni "alijisomesha," kwa j. Nililiona mara moja, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Kidole kilikuwa tayari, na kwa mashine hii ingekuwa herufi mbili tu, karatasi isiharibike. Nimeliacha. Utakaposoma mbele ya watu utalitamka hivyo hivyo, na nataka kila mtu aliyeshika nakala aone kwamba ni wewe uliyeandika.

Binti yako,
Rosebella